Jinsi ya kuweka rekodi ya mwani wa Malindi, kuanzia bamvua mpaka karatasini

Ukimuuliza mtu hapa Malindi mwani ni nini, wengi watakuonyesha lile rundo linalooza ufuoni wakati wa kusi, lile wafanyakazi wa hoteli wanazoa kila asubuhi na toroli, na hapo hapo shida inaanza manake sehemu kubwa ya rundo lile sio mwani, ni nyasi za bahari zilizong'oka. Mwani wenyewe uko kule mwambani umeshikilia jiwe lake, wa kila rangi na kila umbo, na tunaukanyaga tukienda kutafuta pweza bila kuuangalia mara mbili.

Kenya nzima orodha ya mwani inakaribia aina 400, na zaidi ya nusu ni mwani mwekundu. Orodha hio haikutoka hewani. Kuna mtu anaitwa W. E. Isaac alichapisha orodha ya kwanza mwaka 1967, wengine wakaongeza baadaye, na wengi walikuja wakaokota wiki mbili tatu wakaenda zao. Wamefanya kazi kubwa na nawaheshimu. Lakini kitu kimoja hawakuweza kukifanya ni kurudi pale pale kila mwezi, kusi na kaskazi, mwaka baada ya mwaka, hicho ni sisi tunaokaa hapa ndio tunaweza. Mwaka 1998 joto la bahari lilipoua matumbawe mengi huku kwetu, mwani ulifunika mawe yaliyokufa, sasa uliza ni mwani gani ulikuwa pale kabla, na ni upi uliongezeka, kwenye mwamba fulani unaoujua wewe, utapata jibu? Mimi nilitafuta jibu la mwamba wangu sikulipata. Ndio maana nikaanza, na ndio maana naandika hivi kwa yeyote anayetaka kuanza. Huhitaji digrii, unahitaji daftari, penseli, simu na uvumilivu.

Kwanza ujue unachotafuta

Tofauti ya nyasi za bahari na mwani ni hivi. Nyasi zina mizizi ya kweli iliyoingia mchangani, zina majani yenye mishipa, na zinatoa maua ingawa ni madogo hutayaona kirahisi. Mwani hauna mizizi. Una kishikio tu, kama kidole kilichong'ang'ania jiwe, na chakula chake unakifyonza mwili mzima kutoka kwenye maji. Ukivuta ukaona shina limetambaa chini ya mchanga na mizizi myembamba inaning'inia, hizo ni nyasi, ziandike pembeni lakini usizichanganye. Ila kuna mwani mmoja utakudanganya, Caulerpa, huo unatambaa mchangani kama mtambazi wa viazi vitamu na una vijizi vya kujishikilia, usipoangalia vizuri utaapa ni nyasi.

Mwani umegawanyika makundi matatu: wa kijani, wa kahawia na mwekundu. Inaonekana rahisi. Sio rahisi, manake mwani mwekundu ukipigwa na jua pale juu ya mwamba unageuka njano, kahawia, kijani hata mweusi, na mtu mgeni anauandika kundi la makosa. Kuna jaribio la jikoni nitalisema chini, usiruke.

Kwa kuanza, zoesha macho na hii michache ambayo mara nyingi utaipata. Ulva, laini na nyembamba kama karatasi ya kijani iliyoloa, ukiinua unaona mwanga unapita. Halimeda, kama shanga bapa zilizoungwa moja juu ya nyingine, ngumu ukiibana, manake ndani ina chokaa, na ikifa ile chokaa inakuwa mchanga, yaani sehemu ya mchanga mweupe tunaojivunia ilikuwa mwani. Valonia, kama shanga ya kioo ya kijani, na hebu fikiria, kile kibonge kizima ni seli moja tu. Upande wa kahawia kuna Padina, kama kipepeo cha mkono kilichokunjwa ukingoni na chenye mistari myeupe, kuna Turbinaria, migumu yenye vichwa kama faneli vyenye meno, na Sargassum ambayo ni mirefu ina vibofu vidogo vya hewa vya kuifanya ielee. Nyekundu ndio balaa: Gracilaria, Hypnea yenye vikulabu kwenye ncha, Acanthophora yenye miiba midogo midogo, Amphiroa na Jania za waridi ngumu kama chaki. Na usisahau kule Mida kwenye mikoko, angalia ile mizizi inayotoka juu, utaona kama manyoya meusi ya zambarau yamejishika. Wengi wanadhani ni uchafu. Ni mwani mwekundu, Bostrychia na ndugu zake.

Chagua mahali pamoja, au pawili

Kosa la kwanza watu wanafanya ni kutaka kuzunguka pwani yote. Leo Watamu, kesho Mambrui, mwezi ujao Lamu. Mwisho una picha mia nane na hakuna unachoweza kulinganisha. Chagua sehemu moja unayofika kwa miguu au kwa boda bila kuvunja mfuko, na ukiweza ongeza ya pili iliyo tofauti kabisa na ya kwanza.

Malindi tuna bahati ya kuwa na tofauti kubwa kwa umbali mdogo. Kaskazini kuna mto Sabaki unamwaga matope, na wakati wa kaskazi yale matope yanasukumwa kuja huku kwenye ghuba yetu, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Kusini kuelekea Mayungu na Watamu maji ni masafi zaidi. Mwani unataka mwanga, kwa hivyo mwamba unaopata matope na mwamba usiopata lazima ziwe na hadithi tofauti, na huo ulinganisho peke yake ni kazi ya miaka. Mimi nina sehemu moja upande wa Mayungu na nyingine upande wa mji, na nimezishikilia hizo hizo.

Ukishachagua weka alama ambayo haitaondoka. Usiseme "karibu na ule mti", mti utakatwa. Chukua GPS ya simu, piga picha ukiangalia baharini, nyingine ukiangalia nchi kavu, kulia na kushoto. Na angalia hii kitu: sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hivyo namba ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa. Malindi ni kama -3.2 na 40.1. Ukisahau ile alama kumbukumbu yako itaruka mpaka huko karibu na mpaka wa Ethiopia ambako hakuna bahari, na nimeona rekodi za watu zimefika huko.

Ruhusa

Hapa sitaki mchezo. Mbuga ya bahari ya Malindi iko tangu 1968, na ndani yake hairuhusiwi kutoa chochote, jiwe, kombe, mwani, hata kipande. Ndani ya mbuga piga picha tu, na ulipie kiingilio kama mtu yeyote. Ukitaka kuchukua sampuli kwa utafiti unahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na sampuli yoyote ya kupelekwa nje ya nchi ina vibali vyake tena, usimpe mtu mgeni mwani wako aubebe kwenye begi kwa sababu tu ameomba kwa upole.

Nje ya mbuga, kabla ya kushuka, nenda kwa wazee wa BMU, kile kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi, wa bandari hio. Nenda mapema, amkia watu, eleza unachofanya, onyesha daftari. Ukionekana unainama inama na fremu mwambani bila mtu kukujua, watu watadhani unapimia mtu kiwanja, na kwa yale pwani hii imepitia kuhusu ardhi siwalaumu kabisa. Ukishajulikana inakuwa raha, watu wanakuletea mwani wenyewe.

Hesabu maji

Bila kuelewa maji utapoteza nauli. Unataka bamvua, sio maji mafu yale yasiyotoka mbali. Bamvua kali inakuja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, hapo maji yanatoka mbali kabisa na mwamba wote unakuwa wazi. Uzuri wa pwani yetu ni kwamba siku za bamvua maji yanapwa mwisho kama saa nne, saa tano hivi asubuhi, yaani una mwanga mzuri na jua bado halijawa la utosi. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, linatosha, tofauti na Malindi ni ndogo. Bamvua kubwa zaidi za mwaka ni zile za mwezi wa tatu na za mwezi wa tisa kuingia wa kumi, hizo zipange mapema usikubali harusi ya mtu ikuingilie, manake kuna sehemu za ukingo wa mwamba utaziona siku hizo tu.

Shuka saa moja na nusu hivi kabla ya maji kupwa mwisho, fuata maji yakitoka, anza kazi kule chini kabisa kisha rudi nyuma yakigeuka. Maji yakianza kujaa toka. Usiseme namalizia hii moja. Pale kwetu maji hayaji kwa mbele peke yake, yanajaza kwanza ule mkondo ulioko nyuma yako, na utajikuta umesimama kisiwani na simu mkononi. Nenda na mwenzako siku zote.

Kwenye daftari andika saa kwa mtindo wa masaa 24. Saa nne kwako ni 10:00, lakini mtu wa mbali akisoma "4" atadhani ni alfajiri, na hapo rekodi yako imeharibika kwa kitu kidogo hivyo.

Vya kubeba

Sandaki au raba za zamani, sio ndara. Mwamba una utelezi, kuna wale wadudu wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, na kuna samaki anayejifanya jiwe ambaye sumu yake inaweza kukulaza hospitali, kwa hivyo pia usitie mkono kwenye shimo usiloliona ndani, hata kama pweza anakuita. Kofia, maji ya kunywa. Daftari la jalada gumu na penseli mbili. Penseli, narudia. Mwaka wangu wa kwanza niliandika lebo kwa kalamu ya wino, nikaziweka ndani ya mikebe pamoja na mwani, kufika nyumbani karatasi zote nyeupe na maji ya bluu, bamvua nzima ya mwezi wa tatu imepotea. Nililia kwa kweli.

Mifuko ya plastiki usibebe, ilipigwa marufuku 2017 na ufuoni sheria ni kali zaidi, na kwa nini sisi tunaohangaikia bahari tuipelekee plastiki. Mikebe ya siagi na ya karanga ya kusaga inatosha, kila mmoja na namba yake. Beba sinia dogo jeupe au sahani nyeupe, rula ya plastiki, kisu kidogo butu cha kukwangulia, ndoo yenye maji ya bahari na kitambaa chepesi cha kuifunika isipigwe jua. Kamba ya mita 50 iliyofungwa fundo kila mita 5. Na fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, tengeneza kwa paipu za maji za plastiki na kona zake, toboa matundu ili maji yaingie isielee, halafu funga uzi ndani kila sentimita 10. Utapata vyumba 25. Kila chumba kimoja ni asilimia 4, hesabu imekwisha hapo.

Mwambani: picha na daftari

Kila mwani unaorekodi unapiga picha angalau nne. Ya kwanza ya mbali ionyeshe mahali ulipo, kidimbwi, ukingo, mchanga, kivuli cha mwamba. Ya pili mwani mzima na rula kando. Ya tatu karibu kabisa, ncha na matawi. Ya nne ni ile wote wanaisahau, kishikio na upande wa chini. Mwani mwingi ukiuona mkavu juu ya mwamba umelala kama kitambaa kilichotupwa hauelezi kitu, kwa hivyo toa kipande kidogo ukiweke kwenye sinia jeupe lenye maji ya bahari, simama jua liwe mgongoni usitie kivuli chako, na subiri. Utaona unafunguka taratibu, kila tawi linachukua nafasi yake. Mimi hii miaka yote sijazoea, bado nafurahia kama mara ya kwanza.

Halafu daftari. Namba ya kumbukumbu kwanza, tengeneza mfumo wako usiubadilishe, mimi natumia MAY ya Mayungu, mwaka, mwezi, siku, kisha 01, 02, na kuendelea. Namba hio hio iende kwenye mkebe na ionekane kwenye picha, iandike kwenye kikaratasi ukipige picha pamoja na mwani. Kisha uandike tarehe, saa, GPS, umeota juu ya nini, jiwe, tumbawe lililokufa, kombe, jani la nyasi, mzizi wa mkoko au mwani mwingine. Umeota sehemu gani ya ufuo, ile ya juu inayokauka kila siku, ya kati, au ya chini inayoonekana bamvua tu. Rangi yake ukiwa hai, manake rangi ndio ya kwanza kupotea. Ukishika unahisi nini, unateleza, unakwaruza, unavunjika kama bisikuti, una harufu ya kiberiti. Kama kuna mfereji wa maji machafu unaingia karibu andika pia, Ulva inapenda sana maji yenye mbolea na uchafu wa binadamu, na siku moja ukitaka kuwaonyesha watu wa kaunti kwamba mfereji umebadilisha mwamba hio sentensi moja ndio ushahidi wako.

Andika na usichokiona. Kama mwezi uliopita Sargassum ilikuwa imejaa pale na leo hakuna hata mmoja, andika "Sargassum hakuna". Mtu akisoma daftari lililonyamaza hawezi kujua kama haukuwepo au wewe hukuangalia.

Ukichukua sampuli chukua ile moja, ukiweza mbili, na kipande kiwe na kishikio chake. Usichukue pale ulipoona uko mmoja tu, huo piga picha uuache.

Na zungumza na watu. Wavuvi wa malema, ile mitego ya kusuka, wanaujua mwani kwa njia yao, manake wanautumia kama chambo, ule wa kijani wanauchanganya na konokono wa mikokoni aliyepondwa, samaki anayeitwa tafi anaingia mwenyewe. Siku moja mzee mmoja alinikuta nimeinama akaniuliza, "Mwanangu, umepoteza nini?" Nikamwambia, "Sijapoteza kitu babu, naandika mwani." Akacheka akakaa kwenye jiwe, akanionyesha upi tafi anaupenda na upi hata ukimtilia hamgusi, na wapi unapatikana kaskazi ikianza. Ile nusu saa ilinipa zaidi ya wiki nzima ya kusoma. Kama mtu anakupa jina la mwani wanalotumia kwao liandike vile vile alivyolitamka, andika na ni bandari gani, usilisahihishe, na muulize kama anaridhia uliandike.

Kamba na fremu

Picha zinakuambia nini kipo. Fremu inakuambia kipo kiasi gani. Tandaza kamba kutoka juu kuelekea chini baharini, weka fremu kila fundo kuanzia sifuri mpaka 50, zitakuwa fremu 11. Weka upande ule ule wa kamba kila mara, na usisogeze fremu kwa sababu umeona mwani mzuri pembeni, ukisogeza umeshajidanganya. Piga picha kila fremu kutoka juu moja kwa moja, kisha hesabu vyumba kila aina imefunika vingapi, zidisha kwa 4. Mchanga mtupu na jiwe tupu nao wahesabiwe. Jumla ikizidi 100 usiogope, mwani unapandana, Sargassum iko juu na chini yake kuna Halimeda na chini yake tena kuna ile ya waridi iliyojipaka kwenye jiwe kama rangi. Inua wa juu uangalie.

Nyumbani, majaribio ya jikoni

Fanya siku hio hio. Mwani ukilala kwenye ndoo mpaka kesho unaanza kuoza na nyumba yote itajua. Suuza kwa maji ya bahari, sio ya mfereji, manake maji matamu yanapasua zile seli laini hasa za mwani mwekundu.

Jaribio la ndimu ni tone moja tu la ndimu au siki juu ya kipande kidogo, ukiona mapovu kuna chokaa. Halimeda, Amphiroa, Jania zitachemka, Padina nayo kidogo kwa ile mistari yake. Jaribio la rangi: chukua kipande unachokitilia shaka ukiloweke kwenye maji matamu kwenye glasi, ukirudi baadaye ukakuta maji yamekuwa ya waridi basi huo ni mwekundu hata kama ulikuwa kijani mwambani, manake rangi nyekundu yake inayeyuka kwenye maji. Na mwani wa kahawia ukiutia kwenye maji moto unageuka kijani mbele ya macho yako. Vipande ulivyojaribia usivikaushe kama sampuli.

Kukausha

Hii ndio sehemu naipenda na ndio inataka utulivu. Jaza beseni pana maji ya bahari masafi. Chukua karatasi nzito ya kuchorea, andika namba yako kwa penseli kwenye kona, izamishe. Weka mwani juu yake ukielea, halafu kwa ncha ya kijiti au brashi laini panga matawi yake yafunguke kama yalivyokuwa majini, punguza yaliyorundikana lakini usipambe, unataka uonekane ulivyo, sio uonekane mzuri. Ukiridhika inua karatasi polepole sana kutoka upande mmoja, maji yamwagike bila kuvuruga. Iache imimine kidogo kwenye ubao ulioinama.

Sasa chini weka magazeti, juu yake hio karatasi, juu ya mwani weka kipande cha bafta au shuka ya zamani nyembamba, kisha magazeti tena. Bafta ni ya lazima, bila hio mwani utagandia gazeti utaondoka na habari za siasa. Panga zote hivyo, funika kwa ubao, weka mawe au jerikeni la maji juu. Kesho badilisha magazeti, kesho kutwa tena, kila siku mpaka yakitoka makavu. Pwani yetu hewa ina unyevu, ukifanya uvivu siku mbili ukungu umeingia. Usianike juani, rangi itaondoka, weka ndani mahali penye upepo. Mwani mwekundu mwingi utajigandisha wenyewe kwenye karatasi kwa utelezi wake, ule mgumu kama Turbinaria utaushona kwa uzi au kwa gundi nyeupe kidogo. Yenye chokaa usiibane, itavunjika, ikaushe hewani uiweke kwenye kiboksi na pamba.

Watu watakuambia utumie formalini, ile dawa ya kuhifadhia sampuli. Ni sumu, inaunguza macho na pumzi, iacheni kwa maabara.

Majina

Jina la kisayansi lina sehemu mbili, la kwanza la jenasi na la pili la spishi yenyewe. Usikimbilie jina la pili. Ukijua ni Sargassum andika Sargassum sp., yaani spishi bado haijajulikana, na ukae hapo kwa amani, manake Sargassum inabadilika umbo kutokana na umri na mawimbi, na Ulva nyingi hata wataalamu hawazitofautishi bila kupima DNA. Jina la makosa ni baya kuliko jina pungufu. Katisha tawi kwa wembe liwe jembamba sana, tazama kwa lenzi ya kushika au ile ya kubandika kwenye simu, chora unachokiona. Majina yanabadilika pia, kwa hivyo hakikisha kwenye AlgaeBase, hazina ya majina ya mwani mtandaoni, ni bure, uone kama jina ulilolipata kwenye kitabu cha zamani bado linatumika. Picha zako zipandishe iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe, na GPS sahihi, watu wanaojua watakusahihisha, na wakikusahihisha uliza wameona nini, usikubali tu. Ukikwama kabisa kuna KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, na sampuli kavu zilizo na lebo kamili ndizo zinazoweza kwenda kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa Nairobi na zikadumu miaka mia.

Kuhifadhi

Usiku huo huo ingiza daftari kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila rekodi, jina la picha liwe namba ile ile. Nakala moja kwenye simu, moja kwenye diski, moja kwa mtu mwingine nyumba nyingine. Daftari lenyewe usilitupe hata likiwa limejaa chumvi na madoa. Karatasi za mwani ziweke kwenye bahasha ndani ya boksi lililofungwa, juu ya kabati sio chini, na pitia kila miezi michache uangalie wadudu.

Kisha chukua kalenda, hesabu mwezi utaandama lini, zungushia siku mbili baada yake, na mpigie yule mwenzako umwambie saa ya kukutana.